Gitaa Likichemka Ndipo Tunainuka

Jumamosi, 4 Mei 2024

Daftari hili kaniletea Munira kutoka Kongwa, jalada gumu, karatasi nene. Kaniambia, "Mama, yale unayonisimulia kwenye simu saa nzima yaandike humu, masikio yangu nayo yapumzike." Haya. Mimi nimeishia la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu mkuu alikuwa akiuonyesha darasa zima. Wapo wenye digrii zao hapa Dodoma wanaandika kama kuku kaparura.

Mwanangu ni mwalimu wa hisabati, sekondari. Nasema hisabati, si somo la kubahatisha. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la nne, nikamsomesha kwa siagi ya karanga. Nimechagua karanga, nimekaanga, nimesaga, mpaka joho la mahafali likavaliwa. Mtaa wetu mzima wa Chang'ombe unajua, na asiyejua nitamweleza.

Sasa anaolewa. Mchumba ni Rahimu, kijana wa Kirangi, dalali wa mahindi pale Kibaigwa. Mpole, anaamkia vizuri. Send-off, sherehe ya kumuaga, ni Jumamosi tarehe 29 Juni, ndoa kesho yake.

Jumanne, 7 Mei

Karanga mpya zimeingia. Nimemenya na jirani yangu Paulina tangu asubuhi, redio ikipiga zilipendwa. Vidole vinakwenda na gitaa, debe limejaa hatujui limejaaje.

Jumapili, 12 Mei

Kila siku ya Mungu ni vita na Mudrick. Huyu ni fundi simu wa kibanda cha pili kutoka kwangu. Harusini anapiga muziki, na spika yake mchana anaielekeza mlangoni kwangu. Leo wimbo mmoja umerudiwa mara sita. Unaanza kwa mwimbaji kujitaja jina kana kwamba anaandikishwa sensa. Halafu anataja jina la mtengeneza muziki. Halafu anajitaja tena yeye mwenyewe, tusije tukasahau. Maneno yenyewe ukiyakusanya hayajai kijiko. Na ile sauti! Mtu kabanwa pua kwa kibanio cha nguo.

Nimetoka na ungo wangu mkononi.

"Mama Munira, shikamoo. Nikupunguzie?"

"Marahaba. Usipunguze, zima."

"Huu ndio unaongoza nchi nzima, mama."

"Hata mafua yanaongoza nchi nzima mwezi wa sita. Tuyacheze?"

Paulina kacheka mpaka kakaa chini. Mudrick naye kacheka. Ndilo tatizo la kijana huyu, humtukani akakasirika.

Jumatano, 15 Mei

Upepo umeanza. Vumbi mpaka ndani ya chumvi.

Jumapili, 19 Mei

Leo mama yake Rahimu, Bi Rukaya, kaja kunijua. Nimepika pilau ambalo harufu yake ilifika barabarani, sijisifu, watu walisimama. Nilitegemea mwanamke wa makamo yangu, wa Kondoa, mtulivu, tukae tuongee ya watoto.

Hata hajamaliza kunawa, simu yake ikalia. Singeli! Mlio wa simu ya mama wa watu, mwenye wajukuu wanne, ni singeli, ule muziki wa vijana, inakimbia kama inafukuzwa na nyuki. Naye hapokei, anatikisa mabega kwanza, kisha ndiyo anasema haloo.

Tukiwa tunakula nikamuuliza kwa adabu, "Mkwe, na ile singeli nayo unaipenda?"

"Inanichangamsha damu, mkwe. Nyinyi wa zilipendwa mtanisamehe. Wimbo mmoja, mpaka uishe chai imepoa na mgeni kaaga."

Kwangu! Kwenye sofa langu! Na paja la kuku wangu mdomoni!

Nikamwongezea pilau kwa sababu ya mwanangu. Alipoondoka nikamwambia Paulina, yule hana masikio, ana matundu tu ya kuning'inizia hereni.

Jumatatu, 20 Mei

Bado nimekasirika.

Jumapili, 26 Mei

Nimegombana na mwanangu.

Munira alikuja jana na ratiba ya send-off, imepigwa chapa, imepangwa kwa dakika kama mtihani wa taifa. Nikaisoma yote. Muziki: Mudrick. Nikasema sawa, vijana nao wale makapi yao. Nikafika kwenye Kufunika Mama. Dakika tatu. Na wimbo umetajwa: ule ule unaoongoza nchi nzima.

Hili nalieleza vizuri, maana huenda siku moja mjukuu wangu akasoma. Katika send-off zetu mama wa bibi harusi hukalishwa kiti katikati ya ukumbi, mabega matupu, gauni na ushungi tu. Ndugu na majirani huja wakicheza, mmoja mmoja, kila mmoja na khanga yake, wanamfunika. Shangazi wa mtoto ndiye wa kwanza. Wengine hufuata. Ukisimama mwishoni umekuwa mnene kama gunia la pamba, na kila khanga ni mtu anayesema: huyu tulimwona akilea. Mama asiyefunikwa hana watu. Hayo si maneno yangu, ni ya mji.

Na hufunikwa kwa wimbo wenye nafasi. Sisi tulifunikana kwa ule wimbo wa mama uliopigwa na bendi ya Matembe Jazz. Dakika kumi na mbili. Tano za mwanzo ni maneno, mtoto anamshukuru mama yake, na maneno ni ya kusikilizwa. Unakaa, umetulia, khanga iko mapajani, unatikisa kichwa. Kuinuka mtu akiwa anaimba ni utovu wa adabu, ni kumkatiza mtu anayeongea. Halafu mwimbaji anatoa nafasi, gitaa linachemka, na hapo ndipo tunainuka. Kila shangazi na mwendo wake, na gitaa linamsubiri kila mmoja afike.

Dakika tatu! Wifi yangu Zaitun ana goti bovu, dakika tatu zinamtoa kwenye kiti tu.

Nikamwambia Munira. Akasema, "Mama, wageni wengi ni walimu wenzangu na vijana wa Kibaigwa. Nyimbo zako wataona ni za msibani."

"Wa msibani ni huo wenu. Mtu analia puani muda wote."

"Mama, unataka kunitia aibu mbele ya watu."

Aibu. Mimi. Niliikunja ile ratiba mara nne. Kisha nikasema neno ambalo nimelisema na silirudishi: ukipigwa huo wimbo, kile kiti mtamkalisha mwingine, mimi sitakanyaga ukumbini.

Munira kalia. Kachukua mkoba wake, kapanda gari la Kongwa bila kunywa chai. Na mimi nimelia, lakini baada ya yeye kuondoka, asinione.

Jumamosi, 1 Juni

Hajapiga simu.

Jumatano, 5 Juni

Hajapiga. Paulina kanishauri nipige mimi. Nimemwambia mlima haumfuati mtu. Kanijibu, "Wewe si mlima, Mwanamvua, wewe ni mama." Wagogo kama yeye wana dawa ya maneno, wanakupa bila maji.

Jumapili, 9 Juni

Baridi kali. Nimeuza siagi yote. Mudrick leo hakufungua kibanda, mtaa ukawa kimya, nikajikuta nachungulia kama yuko mzima.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeota Munira yuko darasa la nne, ananiuliza saba mara nane. Nimeamka nikasema hamsini na sita, kwa sauti, chumba kitupu.

Jumatatu, 17 Juni. Idi

Kaja! Mwanangu kaja na kitenge cha Idi na kilo tano za nyama. Tumepika, tumekula. Halafu kaanza yeye.

"Mama, nimefanya hesabu."

"Ukoo wetu ndio kazi yake."

"Sherehe ina saa sita. Nyimbo karibu themanini. Wimbo mmoja ni wako. Huo wa mama, wote, dakika kumi na mbili. Zilizobaki usizisemee."

Nikajifanya nafikiri. Kumbe moyo unaruka kamba.

"Na huo mwingine usipigwe nikiwa kwenye kiti."

"Hautapigwa ukiwa kwenye kiti."

Tumeshikana mikono kama wafanyabiashara. Kisha kaniegemea begani, binti wa miaka ishirini na saba, mwalimu wa watu, kanilalia kama zamani.

Jumanne, 18 Juni

Nimempa Mudrick kaseti yangu ya Matembe Jazz aihamishie kwenye mashine zake. Kaigeuza geuza kama anashika mjusi. "Mama, hii inachajiwa wapi?" Ya Rabi.

Jumamosi, 22 Juni

Nimemwonea kijana wa watu. Mudrick kaleta wimbo wangu kwenye simu, kauondolea mikwaruzo yote. "Nimeusafisha, mama, umekaa kisasa." Kanisikilizisha mwanzo, sauti imetoka safi, nikamwona kabisa mwimbaji kasimama mbele yangu na suruali yake ya bugaluu. Adhana ikaingia, tukazima. Nimempa chupa ya siagi ya bure. Nimemwambia una mkono mzuri, masikio ndiyo Mungu hakukujaalia.

Alhamisi, 27 Juni

Zaitun kaingia kutoka Kondoa na goti lake. Nyumba imejaa wanawake. Sina hata pa kuweka daftari.

Jumapili, 30 Juni

Ndoa imepita salama, alhamdulillahi. Miguu imevimba. Ya jana na ya leo nitayaandika kesho.

Jumatatu, 1 Julai

Sasa niandike.

Ukumbi ulipendeza, kijani na dhahabu. Kadi ilisema saa nane mchana, tukaanza saa kumi, kwa hiyo tuliwahi. Kwa saa mbili nimekaa nikisikiliza takataka. Nimezihesabu, nyimbo ishirini na sita, na ukiniambia ni wimbo mmoja uliokatwa vipande nitakubali. Walimu wenzake Munira walicheza wote kwa mtindo mmoja, mkono huku, mkono kule, kama askari wanaoongoza magari. Sikusema neno. Niliahidi na nilitimiza. Upande wa pili mkwe Rukaya alikuwa katikati yao, anaruka na viatu mkononi. Nikatazama dari.

Ndipo mshereheshaji akaita, "Sasa tunamfunika mama!"

Nikaenda kwenye kiti. Nikavua khanga yangu ya juu, nikakaa, mabega matupu. Wanawake wangu walikuwa meza mbili za mbele, khanga mapajani, zimekunjwa vizuri. Zaitun wa kwanza. Paulina. Wale majirani wote. Wimbo ukaanza.

Ukumbi ulitulia. Hata vijana walitulia, na hilo nitalisema mpaka nife: ukiwapa kitu chenye maana wanatulia. Mtoto anamshukuru mama, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Namwona Munira mezani kwake kajishika kifua. Wanawake wangu wanatikisa vichwa. Mwimbaji akafika pale anapovuta neno la mwisho, na Zaitun akaanza kusogeza goti lake, tayari.

Wimbo ukaisha.

Gitaa halikuja. Neno la mwisho, halafu kimya.

Nilimwangalia Mudrick. Anatabasamu! Ananinyooshea kidole gumba! Nikaelewa papo hapo. Kijana kausikiliza wimbo, akaona maneno yameisha na bado kuna dakika saba za magitaa, akadhani wimbo umeisha ila bendi imesahau kwenda nyumbani. Akakata. Hicho ndicho alichokiita kusafisha. Hawa wamezoea wimbo ni maneno na kelele chini yake, hawajui kwamba maneno ni mlango tu, nyumba yenyewe iko ndani.

Na wanawake wangu wote walikuwa wamekaa, kwa adabu zao, kama walivyofundishwa. Hata mmoja hakuwa ameinuka. Khanga zote mapajani.

Mshereheshaji, ambaye simlaumu, hana umri wa kujua, akapaza sauti, "Makofi kwa mama yetu! Kapendeza! Sasa tuelekee kwenye chakula."

Na watu wakapiga makofi. Mimi nimekaa katikati ya watu mia tatu, mabega matupu. Miaka ishirini na saba ya kulea, na mabega matupu. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma akimuuliza mwenzake, "Kwani hana ndugu?" Nilitaka kusimama nikashindwa. Ukisimama hujafunikwa, umekwisha kukubali kwamba huna watu.

Munira alisimama, lakini bibi harusi hatembei mwenyewe mpaka aitwe. Alibaki kasimama, ananitazama, mdomo wazi.

Kisha nikasikia, "Wewe, mshereheshaji! Chakula hakina miguu, kitasubiri. Kaa."

Rukaya. Viatu bado mkononi. Kaviweka chini, kavuta pumzi, na mdomoni mwake kikatoka hiki:

"Tiri-riri ti, riri ti. Tiri-riri ti, riri ti."

Gitaa. Gitaa la solo la Matembe Jazz, lile lile, pale pale lilipokatwa. Kwa mdomo! Na vidole vinapapasa hewani. Sisi wasichana wa wakati ule hatukuruhusiwa kwenda dansini, tulikuwa tunakaa nje ya ukuta wa ukumbi tukijifunza magitaa kwa mdomo, tukagawana: wewe solo, wewe ridhimu, mimi besi. Tulipigwa kwa ajili hiyo. Sikujua kwamba na Kondoa walikuwa wanafanya hivyo. Sikujua yeye.

Paulina akadaka ridhimu papo hapo, "chaka-chaka, chaka-chaka," na kijiko kwenye chupa ya soda. Zaitun akainuka! Na goti lake! Khanga juu, mwendo wake ule wa kurudi hatua moja kwa kila mbili, na Rukaya anamsubiri, anazungusha pale pale, "riri ti, riri ti," mpaka Zaitun kafika na kunifunika. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Besi haikuwa na mtu. Gitaa bila besi ni mtu bila kisigino. Basi nikaichukua mimi, nimekaa kwenye kiti, machozi yananitiririka, "dum, du-dum, dum."

Mpaka walimu walikuwa wanapiga makofi kwa mapigo. Walishika na simu zao, bila shaka, wao hata moto wangeupiga picha kwanza. Binti mmoja akapaza sauti, "Mama, huu unapatikana wapi?" Haupatikani, binti. Ulikuwa unatolewa pale pale, kwa midomo.

Khanga thelathini na moja. Sikuweza kushusha mikono. Rukaya ndiye aliyefika wa mwisho, na ya kwake hakuwa amejiandaa nayo, si zamu yake, mama wa bwana harusi hafuniki. Alivua iliyokuwa begani kwake. Aliponiinamia nikamnong'oneza, "Si ulisema ni ndefu mpaka chai inapoa?"

"Nilisema ni ndefu. Sikusema sizijui."

Munira alikuja bila kuitwa. Aliniambia sikioni, "Mama, ile solo inarudi kila baada ya mapigo nane." Alikuwa ameihesabu. Yaani mwanangu hata kwenye machozi anahesabu, mniambie ni nani mwingine amezaa mtoto wa hivi.

Jumanne, 2 Julai

Mudrick kaja asubuhi, hakuamkia hata vizuri, kasimama mlangoni. "Mama, nilijua pale wimbo umekwisha."

"Najua ulijua hivyo. Ndiyo shida yenu nyote."

Nimemkalisha kwenye kigoda nikamwekea kaseti yote, pande zote mbili, na sikumruhusu kushika simu. Dakika ya nane kaanza kutikisa mguu. Saa tano kafungua kibanda, spika ikaanza tena kujitaja majina. Nimefunga dirisha.

Alhamisi, 4 Julai

Rukaya kapiga simu kutoka Kibaigwa, anakokaa na mwanawe. Munira hajambo, anapendwa, keshawapangia ghala la mahindi kwa namba. Nimefurahi. Nikadhani anakata, kumbe anajikoholea.

"Mkwe, nina neno. Usichukie."

"Sema."

"Ile besi yako Jumamosi. Ilikuwa inachelewa."

Besi yangu! Inachelewa! Mwanamke mwenye singeli kwenye simu anifundishe mimi besi ya Matembe Jazz! Nimemwambia besi haichelewi, ni solo yake iliyokuwa inakimbia, na imekimbia kwa sababu ya uchafu anaousikiliza. Kaniambia tulizungumze ana kwa ana kama najiamini. Nimemwambia keshokutwa naingia Kibaigwa na gari la asubuhi, aandae chai, na asikaribishe mtu mwingine, maana dakika kumi na mbili zile tutazirudia mpaka aombe radhi.

Paulina kasema anakuja na chupa yake.